Kompyuta kongwe za London na jinsi ya kuziongezea kumbukumbu

Katika maghala ya mashariki mwa London, kompyuta kubwa za mezani zilizowahi kutumika katika mabenki ya City, ofisi za wasanifu majengo na nyumba za kuhariri filamu za Soho huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei yake ya awali. Mashirika makubwa hubadilisha mitambo yao kila baada ya miaka michache, iwe imechakaa au la, na kinachoondolewa ofisini huishia kwa wafanyabiashara wa bidhaa zilizotumika. Miongoni mwa wanunuzi wamo watu kutoka Afrika Mashariki. Baadhi yao huzitaka kwa matumizi ya nyumbani, wengine huzifunga katika makontena kuelekea Mombasa na Dar es Salaam, zikafanye kazi shuleni, studioni au katika duka la uchapaji.

Idadi ya mashine hizo iliongezeka baada ya tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya usalama kwa mfumo wake wa Windows 10. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 hazikidhi masharti ya Windows 11, hata kama prosesa zake bado zina nguvu kuliko za kompyuta nyingi mpya za bei nafuu.

Kasoro ya kwanza ambayo mnunuzi wa mashine kama hiyo huigundua ni upungufu wa kumbukumbu. Dawa yake inafahamika na haihitaji fundi bingwa: ni kuongeza vijibao vya kumbukumbu, vile ambavyo wauzaji wa Kariakoo na wa barabara ya Moi mjini Nairobi huviita ramu. Lakini kompyuta za aina hii zina masharti ambayo kompyuta za kawaida hazina. Mtu asiyeyajua anaweza kutumia fedha zake London akapokea nyumbani sanduku zito lisilowaka.

Meza na kabati

Mfano wa fundi cherehani unasaidia. Vitambaa vyake vyote vimo kabatini, lakini anachokata na kushona kwa wakati huo kiko mezani. Kabati ni diski ya kompyuta, ambayo hutunza kila kitu hata umeme ukizimwa. Meza ni kumbukumbu, mahali pa kazi inayoendelea, na umeme ukikatika meza hufutika yote. Meza ikiwa ndogo, fundi hulazimika kurudisha kitambaa kimoja kabatini kila anapotaka kutandaza kingine.

Hivyo ndivyo kompyuta yenye kumbukumbu haba inavyofanya kazi. Huhamishia sehemu ya kazi yake diskini, kisha huirudisha, kisha huihamisha tena. Dalili zake ni taa ya diski isiyoacha kumweka, kishale kinachoganda, na dirisha linalochukua sekunde kadhaa kufunguka kila mtumiaji anapotoka kwenye waraka na kurejea kwenye kivinjari cha intaneti.

Njia ya uhakika ya kuthibitisha hali hiyo ni kutazama takwimu wakati wa kazi ya kawaida. Katika Windows, kubonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha kiasi cha kumbukumbu kinachotumika. Katika mifumo ya Linux, amri ya free -h hutoa jibu lile lile. Iwapo theluthi moja ya kumbukumbu ingali tupu wakati programu zote anazozihitaji mtumiaji zimefunguliwa, tatizo liko kwingine, na fedha za ramu zitapotea bure.

Mara nyingi huko kwingine ni diski yenyewe. Kompyuta yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu na diski ya zamani inayozunguka hupata nafuu kubwa zaidi kwa kubadilishiwa diski, kuwekewa ile isiyo na sehemu inayozunguka, kuliko kwa kuongezewa gigabaiti nyingine 8. Aliye na fedha za jambo moja tu aanzie hapo.

Tatizo la tangu 1951

London ilianza kuhangaikia ukubwa wa kumbukumbu mapema kuliko miji mingi duniani. Mwaka 1951, katika majengo ya Cadby Hall huko Hammersmith, kampuni ya J. Lyons, iliyojulikana kwa chai, keki na mikahawa yake, iliwasha kompyuta iliyoitwa LEO na kuitumia kukokotoa hesabu za viwanda vyake vya mikate. Wanahistoria wa teknolojia huitaja kuwa ya kwanza duniani kufanya kazi za kawaida za ofisi ya biashara.

LEO ilijengwa kwa kufuata mfano wa EDSAC, mashine ya Chuo Kikuu cha Cambridge iliyoanza kazi mwaka 1949. Lakini Lyons haikuwa na shida ya hesabu ndefu za kisayansi. Ilikuwa na orodha ndefu za bidhaa, bei na mishahara, hivyo ilitaka kumbukumbu kubwa zaidi, na LEO ikajengewa kumbukumbu mara nne ya ile ya EDSAC. Chombo chenyewe kilikuwa mabomba ya zebaki. Taarifa iligeuzwa kuwa mawimbi ya sauti yaliyosafiri ndani ya zebaki kutoka ncha moja hadi nyingine, yakapokelewa na kurushwa tena mwanzo, na kwa kuzunguka hivyo bila kukoma taarifa ikahifadhika. Mabomba 64 yalibeba jumla ya maneno 2,048 ya biti 35 kila moja, yaani chini kidogo ya kilobaiti 9.

Kompyuta ya mezani iliyotengenezwa mwaka 2012 na inayokubali gigabaiti 64 ina uwezo wa kumbukumbu unaozidi huo kwa zaidi ya mara milioni 7, na bado mwenye kuhariri video huiona finyu.

Tofauti ya mashine za kazi nzito

Kompyuta zinazozungumziwa hapa si zile ndogo za karani. Watengenezaji waliziunda kwa ajili ya wahandisi, wachoraji ramani, wahariri wa filamu na wachambuzi wa fedha. Kwa nje hutambulika kwa ukubwa na uzito. Kwa ndani, nyingi zina prosesa za aina ya Xeon, nafasi nyingi za kumbukumbu kuliko kompyuta za kawaida, na aina ya kumbukumbu inayojulikana kwa herufi ECC.

Herufi hizo humaanisha kumbukumbu inayosahihisha makosa yake yenyewe. Kumbukumbu ya kawaida hubeba biti 64 kwa mkupuo mmoja. Ile ya ECC hubeba 72, na hizo 8 za ziada ni za ukaguzi: biti moja ikigeuka kutoka sifuri kuwa moja, kwa sababu ya hitilafu ya umeme, chipu iliyochoka au hata chembe za miale kutoka anga za juu, mashine hugundua na kurekebisha kabla ya programu kupokea tarakimu iliyoharibika.

Kuna waliodhani kuwa hilo ni anasa. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Google na Chuo Kikuu cha Toronto walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za mitambo ya Google kwa kipindi cha zaidi ya miaka miwili, na wakabaini kuwa zaidi ya asilimia 8 ya vijibao vilipatwa na hitilafu angalau moja katika mwaka. Kwa anayecheza muziki, biti moja iliyogeuka haisikiki. Kwa anayetunza daftari la mikopo la chama cha akiba, biti hiyo inaweza kuwa tarakimu ya deni la mtu.

Mwenye mashine ya namna hii ana sababu nzuri ya kubaki na ECC, hata pale ambapo ubao mkuu wa kompyuta unakubali kumbukumbu ya kawaida.

Kusoma kibandiko

Kosa linalogharimu watu wengi hufanyika dukani, kabla hata kompyuta haijafunguliwa. Vijibao vya kumbukumbu hufanana kwa macho, na muuzaji asiye makini huvichanganya katika sanduku moja. Kila kimoja, hata hivyo, huwa na kibandiko, na kibandiko hicho husema karibu yote yanayotakiwa kujulikana.

Kizazi ndicho cha kwanza kutazamwa. Vijibao vya DDR2 na DDR3 vyote vina miguu 240, lakini pengo la katikati ya safu ya miguu limewekwa mahali tofauti, hivyo kimoja hakiingii katika nafasi ya kingine. DDR4, iliyoingia sokoni mwaka 2014, ina miguu 288. Umeme nao hutofautiana: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2. Kijibao kinachokataa kuingia kisilazimishwe, kwa sababu kukataa huko ndiko kinga iliyowekwa na watengenezaji.

Kasi huandikwa kwa namna mbili zinazowachanganya wengi. Kumbukumbu ya DDR3 inayoitwa 1600 ni ile ile inayoandikwa PC3-12800, na ya 1333 ni PC3-10600. Zikichanganywa za kasi tofauti, zote hufuata iliyo taratibu zaidi, jambo ambalo halina madhara makubwa.

Mtego halisi uko katika herufi moja inayofuata tarakimu hizo. Kibandiko cha PC3-12800U ni cha kumbukumbu ya kawaida isiyosahihisha makosa. PC3-12800E ni ya ECC isiyo na rejista. PC3-12800R ni ya ECC yenye rejista, yaani chipu ndogo iliyoko katikati ya kijibao inayopokea amri za prosesa na kuzigawa kwa chipu nyingine, ili mashine iweze kubeba vijibao vingi zaidi. Aina ya R ilikusudiwa hasa seva za vituo vya data.

Hapa pengo la katikati halisaidii. Katika DDR3 na DDR4, kijibao chenye rejista na kisicho na rejista vina umbo moja, na vyote viwili huingia vizuri katika nafasi moja. Vibano hufunga, kasha hufungwa, kitufe hubonyezwa, na kompyuta haiwaki. Seva za zamani zinapovunjwa, vijibao vya R vya gigabaiti 16 humwagika sokoni kwa bei ya kutupa, na mnunuzi huona amepata bahati.

Mfano mzuri ni kompyuta ya HP Z420, iliyotolewa mwaka 2012 na ambayo bado huonekana kwa wingi katika soko la London. Ina nafasi 8 za DDR3 na hukubali hadi gigabaiti 64, lakini ni ya aina ya E pekee, isiyo na rejista. Ndugu yake mkubwa, Z620, hukubali E au R, ila si zote mbili kwa pamoja. Mrithi wake, Z440 wa mwaka 2014, alihamia DDR4 na hutumia ile yenye rejista. Majina matatu ya ukoo mmoja, masharti matatu. Kununua kwa kutazama jina la kampuni lililo mbele ya kasha peke yake ni kucheza bahati nasibu.

Njia salama ni kusoma kijibao ambacho tayari kimo ndani na kinafanya kazi, kisha kutafuta ndugu zake. Asiyetaka kufungua kasha anaweza kutumia programu ndogo ya bure iitwayo CPU-Z katika Windows, au amri ya sudo dmidecode -t memory katika Linux. Zote hutaja idadi ya nafasi, zilizojaa na zilizo tupu, na aina ya kilichomo. Mwongozo wa mtengenezaji, unaopatikana bure kwenye tovuti yake, ndio hakimu wa mwisho kuhusu kiwango cha juu.

Kiasi gani kinatosha

Kwa kuandika, barua pepe na intaneti, gigabaiti 8 zilitosha kwa miaka mingi, ingawa kurasa za siku hizi zimekuwa na ulafi na gigabaiti 16 ndizo zinazoleta utulivu. Mhariri wa redio anayeunganisha sauti kadhaa hahitaji zaidi ya hizo. Anayehariri video, anayechora majengo kwa vipimo vitatu au anayeendesha kompyuta kadhaa za kufikirika ndani ya moja, atazame 32 au 64.

Jambo jingine ni mpangilio. Prosesa za Xeon za kizazi cha Z420 huzungumza na kumbukumbu kupitia mikondo minne kwa wakati mmoja. Kijibao kimoja cha gigabaiti 8 hutumia mkondo mmoja na kuacha mitatu ikiwa mikavu. Vijibao vinne vya gigabaiti 4 hutumia yote. Kwa hiyo katika mashine hizi hununuliwa vinne vinne, vya ukubwa mmoja na ikiwezekana vya mtengenezaji mmoja.

Sharti la mwisho ni mfumo. Windows ya biti 32 haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4, hata kama zimewekwa 64. Mashine iliyopatikana na mfumo huo iwekewe kwanza mfumo wa biti 64.

Mikono ndani ya kasha

Kazi yenyewe huchukua chini ya nusu saa. Kompyuta huzimwa, waya wa umeme huchomolewa ukutani, kisha kitufe cha kuwashia hubonyezwa kwa sekunde chache ili kumaliza umeme uliobaki ndani. Wapo wanaoacha waya ukiwa umechomekwa kwa imani kwamba ardhi itawakinga. Hawapaswi kuigwa, kwa kuwa ubao mkuu huendelea kupokea umeme kidogo hata mashine ikiwa imezimwa.

Adui wa kimya kimya ni umeme tuli, ule unaoruka kutoka kidoleni mtu anapogusa kitasa cha chuma. London wakati wa baridi, katika nyumba zenye mazulia na hewa iliyokaushwa na vipasha joto, umeme huo hujikusanya kwa urahisi kuliko katika unyevu wa Tanga au Lamu. Mkanda wa kifundo cha mkono unaounganishwa na kasha hugharimu kidogo. Asiye nao aguse chuma cha kasha kisichopakwa rangi kila kabla ya kushika kijibao, na ashike kingo tu, si miguu ya dhahabu wala chipu.

Katika mashine nyingi za kazi nzito, ubavu wa kasha hufunguka kwa mpini bila bisibisi, na ndani ya ubavu huo hubandikwa mchoro unaoonyesha nafasi zipi zianze kujazwa. Mchoro huo ufuatwe, si mazoea. Vifuniko vya plastiki vinavyoelekeza upepo wa feni huondolewa kwa uangalifu na lazima virudishwe baadaye, maana bila hivyo kumbukumbu hupata joto kupita kiasi.

Vibano vya pande mbili hufunguliwa, pengo la kijibao hulinganishwa na kizuizi cha nafasi, kisha kijibao husukumwa chini kwa vidole gumba viwili kwa nguvu iliyo sawa hadi vibano vijifunge vyenyewe kwa mlio. Wengi huogopa kusukuma na kuacha kijibao kikiwa kimekaa nusu. Hicho ndicho chanzo kikuu cha kompyuta kutowaka baada ya kazi hii.

Mashine ikikataa, husema. Katika kompyuta za HP za kizazi hicho, taa nyekundu inayomweka mara tano pamoja na milio mitano humaanisha hitilafu ya kumbukumbu. Dawa ni kuondoa vyote, kurudisha kimoja cha zamani, kuwasha, kisha kuongeza kingine mpaka mkosaji ajulikane. Miguu iliyofifia husafishwa kwa kitambaa laini chenye tone la spiriti kali isiyo na mafuta, ikaachwa ikauke.

Usiku mmoja wa majaribio

Kompyuta kuwaka hakumaanishi kwamba kumbukumbu ni nzima. Chipu mbovu inaweza kukaa kimya kwa siku kadhaa na kujitokeza pale mzigo unapozidi. Programu ya bure ya Memtest86+, inayowashwa kutoka kwenye kidude cha USB kabla ya mfumo wowote, huandika na kusoma kila chumba cha kumbukumbu kwa mifumo mbalimbali ya tarakimu. Gigabaiti 64 huchukua saa nyingi, hivyo huachwa ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja lililoandikwa kwa rangi nyekundu ni sababu ya kurudisha kijibao dukani wakati duka bado liko umbali wa nauli ya basi.

Kwa wanaosafirisha, usiku huo mmoja una uzito wa kisheria. Kanuni za Uingereza za mwaka 2013 kuhusu taka za vifaa vya umeme zinaweka masharti kwa vifaa vilivyotumika vinavyopelekwa nje: vijaribiwe na kuthibitishwa kuwa vinafanya kazi, viambatane na maelezo ya majaribio hayo pamoja na nyaraka za mauzo, na vifungwe vizuri visiharibike njiani. Kontena lililojaa kompyuta zisizo na uthibitisho linaweza kuhesabiwa kuwa ni la taka. Na tangu tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za elektroniki, za sumu na zisizo za sumu, zisivuke mpaka bila idhini ya nchi inayopokea.

Masharti hayo yalizaliwa na uzoefu. Shirika la hisani la Computer Aid International, lililoanzishwa London mwaka 1997, lilikuwa miongoni mwa waliotangulia kukarabati kompyuta za ofisi za Uingereza na kuzipeleka Afrika na kwingineko. Nchini Kenya lilishirikiana na Computers for Schools Kenya, shirika lililoanza mwaka 2002 kuzifikisha shuleni. Ndani ya shirika hilo la Kenya ndimo kilimochipuka kituo cha Nairobi cha kuchambua taka za elektroniki, kwa kuwa kila kompyuta inayofika hufika siku yake ya mwisho, na iliyofika ikiwa mbovu huifikia siku hiyo bandarini.

Bei zilizogeuka

Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa rahisi: ongeza kumbukumbu, ni bei nafuu. Mwishoni mwa mwaka 2025 hali ilibadilika. Vituo vikubwa vya data vinavyojengwa kwa ajili ya akili mnemba vilianza kumeza sehemu kubwa ya chipu zinazotengenezwa na kampuni tatu zinazotawala soko hilo, Samsung, SK Hynix na Micron, na bei za kumbukumbu mpya zikapanda ghafla. Mnamo Desemba 2025, Micron ilitangaza kuwa inaachana na Crucial, jina ambalo kwa miongo kadhaa lilikuwa kimbilio la watu wa kawaida waliotaka kuongeza ramu majumbani.

Kwa mwenye kompyuta kongwe, mabadiliko hayo yana sura mbili. DDR4 iliyotumika imekuwa mali inayogombaniwa. DDR3, ambayo vituo hivyo vipya haviihitaji, haimo katika kinyang'anyiro hicho moja kwa moja, na bado hupatikana katika mashine zinazovunjwa. Ni busara kununua kompyuta ambayo tayari imejaa kumbukumbu, hata kwa pauni chache zaidi, kuliko iliyo tupu kwa matumaini ya kuijaza baadaye. Na mwenye mashine mbili mbovu za aina moja ana uwezekano mkubwa wa kuwa na moja nzima.

Wasioamini mikono yao wana pa kwenda. Restart Project, mradi ulioanzishwa London na Janet Gunter na Ugo Vallauri, uliandaa mkutano wake wa kwanza wa matengenezo mwaka 2012, ambapo wenye ujuzi huketi na wenye vifaa vibovu na kuvifungua pamoja, bila malipo. Mikutano ya namna hiyo imeenea katika mitaa mingi ya jiji.

Kuna wakati wa kuacha. Prosesa ya Xeon E5-1620 iliyomo katika Z420 nyingi imepangiwa kutumia hadi wati 130 peke yake, mbali na kadi ya picha na diski. Katika studio yenye kazi ya kutwa nzima, umeme huo una faida. Katika nyumba inayotegemea mita ya luku au jenereta, kwa kazi ya kuandika barua, kompyuta ndogo inayotumia sehemu ndogo ya umeme huo ni chaguo bora, hata kama ile kubwa imepatikana bure. Vilevile mashine hizi hazitambuliwi rasmi na Windows 11. Microsoft ilitoa nyongeza ya ulinzi wa Windows 10 kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026 tu. Njia inayodumu ni Linux, kwa mfano Mint au Debian, ambayo hutumia kumbukumbu kwa uchumi zaidi na haidai leseni.

Kabla ya kontena kufungwa

Kompyuta inayosafirishwa isimamishwe kama inavyosimama mezani, ikazungukwa na sponji, huku kadi nzito ya picha ikiondolewa na kufungwa peke yake. Mtikisiko wa barabara na wa meli hulegeza vijibao hata vilivyojaribiwa vizuri, hivyo mpokeaji aelekezwe kufungua ubavu na kuvibonyeza kimoja kimoja kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza. Plagi ya Uingereza ya miguu mitatu bapa inatumika pia Kenya, Uganda na Tanzania, na umeme ni wa kiwango kinachokaribiana, ingawa kukatika kwake kwa ghafla kunadai betri ya akiba kati ya mashine na ukuta.

Mashine inayokwenda pwani iachwe saa kadhaa ndani ya chumba kabla ya kuwashwa, ili unyevu ulioganda ndani yake ukauke. Vijibao vya akiba, kama vipo, visafiri ndani ya mifuko ile ya kijivu inayozuia umeme tuli, vikiwa na karatasi inayotaja jina la kompyuta, aina ya kumbukumbu pamoja na ile herufi yake moja, E au R, na tarehe ya majaribio.